Ruhusa ya Mjomba

Nyumba ya Masista, Ruangwa
3 Aprili 1949

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Naomba barua hii ikukute umesimama kwa miguu yote miwili, na goti lako lisiwe na maneno. Mimi sijambo. Mvua imetutosha, mbaazi zimeshika, na baba nilimwona Chinongwe baada ya Noeli, kikohozi kimemwacha.

Mjomba, nisikuzungushe. Nataka kuwa mtawa. Wewe unajua niko hapa kujifunza kushona, na kushona ninajifunza, lakini si hilo lililoniweka miaka miwili. Mwezi uliopita nilivaa kitambaa cheupe cha unovisi, cha mtawa anayejaribiwa. Mwaka ujao, tarehe kumi na tano Agosti, sikukuu ya Mama Maria, mimi na wenzangu watano tunatakiwa kuweka nadhiri. Baba ameshatia sahihi karatasi ya ruhusa. Mama Mkuu aliipokea, akaikunja, akasema kwa upande wa nyumbani mambo yamekwisha.

Nilimwambia hayajaisha. Nilimwambia baba yangu nampenda na namheshimu, lakini kwetu mwenye kunitoa ni kaka wa marehemu mama. Akacheka kidogo, akasema sheria ya Kanisa haimtaji mjomba. Nikamjibu kwamba mama alipokufa aliyenibeba mgongoni hakuwa sheria ya Kanisa. Hakucheka tena. Akasema, "Basi mwandikie huyo mjomba."

Ndiyo nakuandikia. Nakuomba neno lako, na nakuomba liwe la ndiyo.

Mpwa wako,
Aurelia


Mesi ya Wazungu, Nachingwea
22 Aprili 1949

Mpwa wangu Aurelia,

Marahaba. Milele amina. Goti lina maneno yake kama kawaida, hasa nyakati hizi za mvua, lakini mengine yote yanakwenda. Barua yako niliisomea jikoni nikiwa nimesimama, maandazi yakaungua. Wazungu arobaini na wawili walikula mkate mkavu asubuhi hiyo bila kujua ni wewe uliyewafungisha.

Jibu langu ni hapana.

Sasa nikueleze, usije ukasema mjomba anapiga kelele tu. Bibi yako alizaa watoto wawili, mimi na Sofia mama yako. Sofia alizaa wanne, wa kike mmoja. Kaka zako watazaa, Mungu awabariki, lakini watoto wao ni wa koo za wake zao. Tumbo la ukoo wetu lililobaki ni moja, nalo ni lako, nawe unataka kulifunga kama duka siku ya Jumapili! Baba yako Tadeo ni mtu mwema. Lakini alikuja kwetu kuoa, jembe begani, akajengewa, akalishwa. Atatoaje kisicho chake? Mama Mkuu namsamehe kwa ugeni wake. Tadeo simsamehi, yeye anajua.

Halafu nakujua wewe. Ulipotoka unyagoni ulicheza mpaka wapiga ngoma wakaomba maji. Ulikuwa hujatimiza miaka saba ukiingia jikoni kwangu na kusema, "Mjomba, ufuta umeukaanga mno," na kweli nilikuwa nimeukaanga mno. Mtu mwenye pua na ulimi wa namna hiyo Mungu hakumwumba ili ale uji usio na chumvi na kuimba Kilatini.

Unakumbuka yule Mjerumani wa mkonge niliyempikia Lindi? Walipokuja kumchukua vita ilipoanza aliacha sanduku la vitabu, nami nikajipa kimoja, riwaya nene, ya zamani, ambayo kwao inaheshimiwa sana. Kijerumani changu cha shule ya misheni kinapanda mlima kwa kuchechemea, lakini kinafika. Ni habari ya mwalimu mmoja aliyetaka kuwa roho tupu. Anakaa juu ya mji katika mnara wa mawe, anakula mkate na maji, anasema mwili ni punda wa kubebea kichwa. Chini, kando ya mto, anakaa mwanamke mtia rangi nguo, mikono yake ni ya buluu hadi kwenye viwiko. Siku moja wino ukamwishia mwalimu, ikabidi ashuke. Nitakusimulia kidogo kidogo, uone yaliyompata, upate akili. Sasa Wazungu wanataka chai.

Mjomba wako,
Eusebio


Nyumba ya Masista, Ruangwa
30 Juni 1949

Mjomba wangu,

Shikamoo. Vipi goti, na vipi hao arobaini na wawili, umewalipa maandazi yao? Mimi mzima. Baridi ya asubuhi imetukamata mwaka huu, lakini tuna mashuka ya kutosha.

Hapana yako nimeisoma, nimeielewa, na sijaikubali. Usikasirike. Ulinifundisha mwenyewe kwamba mtu asipeleke chungu mezani na kusema kimeiva wakati anajua hakijaiva.

Umesema habari ya pua yangu. Sasa nikuambie pua yangu inafanya kazi gani. Tangu Mei nimepangwa kambi ya wakoma, mwendo wa saa moja kutoka hapa. Siku ya kwanza, walipofungua bandeji ya mzee mmoja, harufu ilinipiga nikakimbilia nyuma ya mbaazi nikatapika chai yote. Sista akaniambia nikapumzike. Kabla hajamaliza kusema nilikuwa nimesharudi na beseni. Nilikuwa nimejikasirikia.

Kuna mama mmoja pale, mtu mzima, Mwislamu wa Chinongwe, anaitwa Bi Biasha. Mikono yake haihisi kitu. Watu wanataka kumpikia, yeye hataki. Anasema mwanamke anayepikiwa ilhali si mgonjwa wa kitandani ni maiti anayekula. Basi anapika. Juzi aliinua chungu kutoka kwenye mafiga kwa mikono mitupu, akasimama nacho, tunaongea, tunacheka. Mimi ndiye niliyesikia harufu. Nyama yake ilikuwa inaungua na yeye anacheka. Aliniambia baadaye kwamba hivyo ndivyo anavyojua siku zote: hasikii maumivu, anasikia harufu, kisha anaangalia ni wapi.

Mjomba, umesema Mungu hakunipa pua kwa ajili ya uji. Nakubali kabisa. Ndiyo maana niko hapa. Na nani amekuambia naukimbia mwili? Naushika kutwa.

Je, mwalimu alipata wino wake?

Mpwa wako,
Aurelia


Nachingwea
12 Septemba 1949

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti limetulia kwa ajili ya kiangazi. Hapa ni vumbi na kelele. Matrekta mawili yanafungwa mnyororo mmoja, kila moja linashika upande wake, yanatembea, na msitu mzima unalala chini. Reli inakaribia kufika. Wanasema karanga za hapa zitalisha Ulaya yote. Mimi nawaangalia tu na kukoroga supu.

Aurelia, yule Bi Biasha wako amenikosesha raha. Nimepika miaka thelathini, moto umeniuma mara elfu na kila mara nimeutukana. Sikujua kwamba nilikuwa natukana mlinzi wangu. Mpishi asiyehisi moto! Siku tatu nilikuwa nikishika sufuria nasimama kwanza, namfikiria.

Nimekwenda kwa fundi Saadi, Mmakonde anayetengeneza masanduku ya mizigo hapa. Nimemchorea chini kwa kidole. Ametengeneza miiko minane yenye mipini mirefu, na vibanio sita vya mti vya kuinulia chungu bila mkono kukigusa. Kibanio kinashikwa kwa kiganja chote, hakihitaji vidole. Nimevijaribu mwenyewe nikiwa nimejifunga vidole kwa kitambaa, wasaidizi wangu wakadhani nimerukwa na akili. Mbaruku wa lori atakuletea.

Usidhani nimelegea. Miiko ni ya Bi Biasha. Hapana ni yako.

Mwalimu alipata wino, ndiyo, na supu juu yake. Yule mwanamke alimwona akitetemeka mlangoni, kwa sababu kwao kuna theluji, kitu kama unga wa muhogo unaomwagika kutoka juu mchana kutwa, ila ni baridi. Akampa supu. Kitabu kinatumia kurasa nne kwa supu hiyo, nami kama mpishi nasema ni haki yake. Mwalimu akakaa siku tatu. Akagundua kwamba ana ulimi, ana ngozi, ana masikio ya kusikia mto. Siku ya nne akaona aibu, akapanda tena mnarani, akajisugua kwa theluji hadi akatoka damu. Baada ya mwezi akashuka tena. Na tena. Akiwa juu anasikia harufu ya supu, akiwa chini vitabu vinamwita. Ngazi ni mia mbili, na maisha yake yote yanakwisha humo ngazini. Mimi ningekuwa jirani yake ningemwambia: oa huyo mwanamke, hamisha vitabu, yaishe.

Fikiri juu ya ngazi hizo, mpwa wangu. Leo una miaka ishirini na mbili. Utakapokuwa na arobaini, ukiwa juu na harufu ya supu ikipanda, nani atakushusha?

Mjomba wako,
Eusebio


Ruangwa
8 Januari 1950

Mjomba wangu,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Mimi mzima, isipokuwa jino moja ambalo limeng'olewa na sasa ni habari ya zamani. Natumaini mvua za huko hazijaliamsha goti.

Miiko na vibanio vilifika vyote. Bi Biasha alivigeuzageuza, akavinusa, akainua chungu, akakitua, akainua tena. Kisha akasema, "Mjomba wako ana akili za kike," nami nimepokea kwa niaba yako kama sifa. Tangu hapo hajaungua. Jana alitupikia mizizi ya ming'oko na akamfukuza kila aliyekaribia mafiga yake.

Mwalimu wako nimemfikiria wakati wa kufua. Sioni kosa lake kuwa ni mnara, wala sioni kuwa ni mto. Akiwa juu anamdharau mwanamke aliye chini, akiwa chini anajidharau mwenyewe. Mtu wa hivyo hata umpe nyumba katikati ya ngazi hatapata usingizi. Alidhani roho inakaa mahali fulani na mwili mahali pengine, na kwamba kati yao kuna kutembea. Mimi kila siku navifunga vidonda nikiwa nasali, na sijui kwa hakika ni wapi sala inaishia na bandeji inaanzia.

Lakini umeniuliza swali la kweli na sitakujibu kwa ujanja. Ziko siku ngoma inalia kijijini na miguu yangu inaitika chini ya meza, Sista ananitazama, naiweka sawa. Watoto nawataka. Kambini alizaliwa mtoto mwezi wa kumi, nikapewa nimwoshe, akanishika kidole. Nililia, mjomba, si machozi ya furaha. Nakuambia haya ili usidhani nachagua kwa kuwa sina ninachokiacha. Ninakiacha, nakiona, kina uzito, na bado nakwenda.

Naomba unimalizie kitabu. Na unipe neno.

Mpwa wako,
Aurelia


Nachingwea
17 Mei 1950

Mpwa wangu Aurelia,

Marahaba. Umekawia kujibiwa kwa sababu mesi imeongezwa Wazungu kumi na mimi nimepunguziwa msaidizi. Hiyo ndiyo hesabu ya serikali. Goti baya, moyo si mzuri sana. Karanga hazioti kama walivyosema. Udongo unakuwa mgumu kama sahani.

Barua yako ya Januari nimeisoma mara nyingi. Umenijibu kama mtu mzima. Basi nami nakuletea mwisho wa kitabu, nao utaongea kwa niaba yangu.

Mwalimu alipofika miaka hamsini alichoka na ngazi. Akaamua kutoshuka tena. Akafunga mlango wa mnara, akasema sasa nimekuwa roho. Baridi ikaja kuliko baridi zote. Siku ya nne watu wa mjini wakaona moshi hautoki. Wakapanda, wakakuta mlango umegandishwa na barafu, wakausukuma, wakashindwa, wakasimama pale na majembe yao.

Hapo ndipo alipofika mjomba wake, kaka wa mama yake, kwa miguu kutoka kijiji cha mbali. Akawasukuma wote kando. Akauliza, "Nani alimruhusu mtoto huyu kukaa peke yake huku juu?" Akauliza mara ya pili. Akasema kaburi halichimbwi mpaka ajibiwe. Yule mwanamke wa mikono ya buluu akamletea chakula, akakataa kula. Mwisho akauvunja mlango kwa bega lake, akaingia peke yake, akamwosha mpwa wake, akamvika, akambeba mgongoni kama alivyombeba utotoni, akashuka naye ngazi zote mia mbili. Kila ngazi alikuwa akimwambia, "Ningekuja mapema. Ningekuja mapema."

Huo ndio mwisho. Mimi sina la kuongeza.

Mjomba wako,
Eusebio


Ruangwa
9 Julai 1950

Mjomba wangu,

Shikamoo. Huku wote wazima, Bi Biasha anakusalimu na anataka kibanio kimoja kikubwa zaidi, cha sufuria ya arusi, ingawa hakuna arusi.

Nilipofika pale mzee anaposhuka ngazi nililia hadi karatasi ikalowa. Kisha nikampelekea Sista mzee wa Kijerumani anayetufundisha kushona, nikamsimulia, nikitaka alie pamoja nami. Yeye akaweka sindano chini, akaniuliza, "Mjomba? Mjomba wa nini?" Akasema kwao mjomba humletea mtoto peremende siku ya Noeli. Hazuii kaburi. Hakuna anayemuuliza wala yeye hana wa kumuuliza. Mazishi ni ya baba na padre. Alikiri kitabu hicho yeye hakijui, lakini akasema kwa hakika mwisho huo haukuandikwa na Mjerumani.

Mjomba Eusebio! Umewapa Wajerumani ukoo wa Kimwera!

Nilicheka, halafu nikaona nisiendelee kucheka. Umeniongopea, na ungeniongopea kuhusu jambo lingine lolote ningekununia mwaka mzima. Lakini uongo huu una mtu ndani yake. Huyo mzee wa ngazini ni wewe. Unaogopa kwamba nitafia huku peke yangu kwa baridi, nawe utafika umechelewa. Mjomba wangu, hapa kuna watu, kuna moto, na mlango haufungwi. Njoo uone.

Sasa nisikilize vizuri. Agosti kumi na tano ni mwezi ujao. Wenzangu watano wataweka nadhiri. Mimi nimemwambia Mama Mkuu kwamba sitaweka. Sijabadili nia. Nitabaki novisi na kitambaa changu cheupe, nitasubiri neno lako, mwaka huu na ujao ikibidi. Sitaingia kwa Mungu kwa mlango wa uani wakati mwenye nyumba yetu amekaa barazani amenuna. Na sitarudi Chinongwe kuolewa vilevile. Ulinilea mbishi, kula ulichopika.

Mpwa wako,
Aurelia


Ruangwa
25 Februari 1951

Mjomba wangu,

Shikamoo. Tangu nilipokuandikia Julai, miezi saba, sijapata mstari wako. Mimi mzima.

Tumesikia kwamba kazi ya karanga imefungwa, kwamba Wazungu wanauza hata vitanda, na watu wa Nachingwea wanarudi makwao. Mbaruku wa lori amesema mesi imefungwa mlango na wewe hujulikani ulikokwenda, ulionekana na sufuria mbili na sanduku dogo ukielekea magharibi. Kama umekasirika, nikasirikie kwa barua. Kama unaumwa, nitumie mtu.

Wenzangu wameshavaa nyeusi. Mimi tu katika meza yetu ndiye mweupe, na wageni huniuliza nimekosa nini. Nawajibu namsubiri mjomba. Baadhi wanacheka. Bi Biasha hacheki.

Mpwa wako,
Aurelia


Ruangwa
4 Novemba 1951

Mjomba,

Shikamoo, popote ulipo. Barua hii nampa mfanyabiashara wa ufuta anayezunguka vijiji vya Nachingwea, ameniahidi ataulizia mpishi mwenye goti baya.

Jana Mama Mkuu aliniita. Aliongea nami kwa upole, nami nilimwelewa. Novisi hawezi kuwa novisi maisha yote. Amenipa hadi Agosti ijayo. Siku hiyo ama ninaweka nadhiri pamoja na wadogo zangu wawili wa unovisi, ama nafunga mzigo wangu. Aliniambia, "Mtoto wangu, karatasi ya baba yako ninayo hapa mezani, inatosha." Nikamwambia kwake inatosha.

Sijui kama u hai. Nimeomba nisije nikasubiri ruhusa ya mtu aliyekwisha kuzikwa na wageni. Lakini bado nasubiri.

Mpwa wako,
Aurelia


Kiegei
2 Juni 1952

Mpwa wangu Aurelia,

Marahaba, marahaba mara zote ulizonisalimu nami sikuitikia. Ni mzima. Goti limekubali kwamba halitapona, nami nimekubali. Barua zako mbili za mwisho nimezipata zote, ya kwanza kwa Mbaruku, aliyeulizia hadi akanipata huku, ya pili kwa yule mtu wa ufuta. Kwa hiyo sina udhuru wa posta.

Nianze na ile ya uongo. Nilikuwa nimekiweka kitabu sandukuni, sanduku nikaliweka chini kwenye udongo, mimi mzaliwa wa nchi hii! Mchwa walikula kurasa arobaini za mwisho. Mwisho wa mwalimu siujui na sitaujua. Nilikaa jikoni nikautunga wakati nasubiri maharage yaive, nikaona ni mzuri, wala sikumbuki kufikiri kwamba Wajerumani hawana wajomba wa maana. Nilikuwa sijui. Miaka yote ile na yule bwana wa mkonge sikuwahi kumuuliza nani atamzika.

Januari ya mwaka jana waliposema karanga basi, Wazungu waliondoka kama wageni walioona mvua inakuja. Nikabaki na sufuria. Nikajiambia: kama mpwa wangu hakubali kurudi, basi nitatafuta tumbo lingine la ukoo wetu. Bibi yako alikuwa na dada aliyekimbilia upande wa Kiegei wakati wa njaa ya baada ya Majimaji, hakuonekana tena. Nikaja kwa miguu, nikiuliza jina la ukoo kijiji kwa kijiji. Watu walinicheka, walinilisha, walinielekeza vibaya. Mwezi wa tatu nikampata mjukuu wake. Anaitwa Zaina. Ni Waislamu wote huku. Ana mabinti wanne, na wawili wao wameshazaa wa kike.

Ukoo upo, Aurelia. Umejaa hapa, unakimbizana uani na kuniibia karanga.

Ningeweza kukuandikia siku ile ile: mpwa wangu, nenda, tumbo si moja tena. Sikukuandikia. Nilikaa nayo habari hiyo mwaka mzima na zaidi. Nililima ufuta wa Zaina, nikavuna, nikapika, nikasoma barua yako ya Novemba, nikaikunja. Nilijua umekaa mweupe peke yako mezani, na bado niliikunja. Zaina ndiye aliyeniuliza, mbele ya watu, maana hana aibu, "Ulikuja kutafuta wanawake wa ukoo, umewapata. Mbona humwachilii mtoto wa watu?" Nikamjibu kwa ukali. Akasema, "Si ukoo unaouogopea wewe."

Ulinisoma vizuri ila ulinisoma kinyume. Yule mzee wa ngazini siye mimi. Mimi ndiye niliye juu. Mke wangu aliondoka zamani, mtoto sikupata, nimewapikia watu wasiojua jina langu la pili. Siku moshi usipotoka, ni nani atauliza? Kwetu anayeuliza ni mpwa, na mpwa ni wewe. Nilikuwa namtetea mwanamke wa kuzaa na kucheza na kula vizuri, kumbe nilikuwa nautetea mwili mmoja tu, huu wangu, na siku utakapolala. Nimeona aibu sana kuliandika hili. Nimelianza mara tatu.

Na katika wote niliosoma habari zao, mwalimu na mwanamke wa buluu na wengine, hakuna aliyeniambia jambo kama ulivyoniambia wewe kuhusu yule mtoto aliyekushika kidole. Unakiona unachokiacha. Mimi nilifikiri umepofuka, nikataka nikufumbue macho kwa riwaya. Unaona kunizidi.

Basi mstari huu uuoneshe kwa Mama Mkuu, na Sista mzee aufasiri. Mimi, Eusebio, kaka wa tumbo moja wa marehemu Sofia, ambaye nilikuwa na haki ya kukataa na nimeitumia miaka mitatu, namtoa mpwa wangu Aurelia kwa Mungu na kwa wagonjwa wake. Sahihi ya Tadeo ibaki mezani, haina ubaya, lakini ichukuliwe hii.

Agosti nitakuja. Zaina amesema atanisindikiza na binti zake wawili, wataka kumwona ndugu yao. Nitakaa kanisani upande wa wajomba, na kama hakuna upande wa wajomba, pale nitakapokaa ndipo patakuwa. Kisha nataka kwenda kambini kumwona Bi Biasha na mafiga yake. Baada ya hapo nitarudi Kiegei. Ufuta unahitaji mtu.

Jambo moja la mwisho. Siku hiyo watu watakuja kukupa mkono, na wenye maneno matamu watasema hata mjomba wako leo amefurahi. Usiwaitikie. Sikufurahi, Aurelia. Waambie aliruhusu.

Mjomba wako,
Eusebio